Dawa ya Kisukari kwa Ajili ya Kupunguza Uzito: Mwongozo kwa Mkazi wa Akheri

Siku ya gulio la Tengeru, Jumatano au Jumamosi, simama kidogo karibu na dirisha la duka la dawa. Katikati ya wanaonunua panado na dawa za minyoo, hutakosa kumsikia mtu akiinama na kuuliza kwa sauti ya chini kama wana ile dawa ya kisukari inayopunguza mwili. Wengine wameisikia kwa ndugu aliye Dar es Salaam au ughaibuni, wengine wameona kwenye simu picha za mtu kabla na baada. Wapo akina dada wanaojiandaa kwa send-off, na wapo akina baba walioambiwa hospitali kwamba presha inapanda na tumbo limezidi.

Muulizaji huyu hajapotea kabisa. Zipo dawa za kisukari zinazopunguza uzito, na wapo madaktari wanaoziandika kwa watu wasio na kisukari. Anapokosea ni pale anapoulizia dirishani jambo la kuulizwa kwa daktari. Nimemwandikia yeye, na kama unaishi Akheri, Patandi, Nkoaranga au kokote kwenye mteremko huu wa Mlima Meru, hatua zilizomo humu unaweza kuzifuata bila kusafiri mbali.

Dawa iliyopewa kazi nyingine

Dawa inaposajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, husajiliwa pamoja na kazi yake: inatibu nini, apewe nani, kwa kiasi gani. Kazi ya metformini iliyoandikwa kwenye kipeperushi chake ni kisukari cha aina ya pili. Daktari akiwa na sababu ya kitaalamu anaweza kuiandika kwa kazi nyingine, na jambo hilo hufanyika hospitalini kila siku. Mgonjwa wa kisukari anayeungua nyayo hupewa amitriptilini, dawa ya sonona, kwa sababu hutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu. Lakini daktari anayefanya hivyo amebeba dhamana: amekupima, amekueleza, ameandika kwenye faili, na amekupangia tarehe ya kurudi. Ukijinunulia mwenyewe, dhamana hiyo haijabebwa na mtu yeyote.

Kwa nini nasisitiza faili na tarehe ya kurudi? Angalia yaliyowapata Wafaransa. Mwaka 1976 kampuni ya Servier ilianza kuuza dawa iitwayo Mediator kwa wagonjwa wa kisukari wenye uzito mkubwa. Kwa kuwa ilikata hamu ya kula, ikaandikwa pia kwa watu wengi waliotaka kupungua tu. Irène Frachon, daktari wa mapafu katika mji wa Brest, aliona wagonjwa ambao valvu zao za moyo zimeharibika, akafukua mafaili moja baada ya jingine hadi akaifikia dawa hiyo. Iliondolewa sokoni mwaka 2009. Machi 2021 mahakama ya Paris ikaitia kampuni hatiani kwa udanganyifu na kwa kuua bila kukusudia. Makadirio ya waliokufa ni mamia kwa mamia. Dawa ile ilikuwa halali, iliuzwa famasi, na iliandikwa na madaktari wenye leseni. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kutambua yaliyokuwa yakiwapata waliomeza. Sasa fikiria dawa uliyoinunua kimyakimya, ambayo hata nyumbani kwako hakuna anayejua unaimeza.

Anza na mizani na utepe

Kabla ya kufikiria dawa, jua umesimama wapi. Pima uzito asubuhi kabla ya kula, ukiwa na nguo nyepesi, na kila mara tumia mizani ileile, iwe ya zahanati au ya yule kijana anayepima watu stendi. Uzito wako kwa kilo ugawe kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama mwenye kilo 82 na urefu wa mita 1.60 atazidisha 1.60 kwa 1.60 apate 2.56, kilo 82 akizigawa kwa 2.56 anapata 32. Kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 ni unene wa kiwango cha ugonjwa, ambao siku hizi wataalamu wetu huuita kiribatumbo. Kisha pima kiuno kwa utepe wa fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, bila kubana tumbo. Sentimita 88 kwa mwanamke na 102 kwa mwanamume ni alama ya hatari kwa moyo na kwa sukari, hata kama mizani haijatisha sana.

Huna haja ya kujiona uko peke yako. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake Watanzania wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo.

Kama hesabu yako imetoka 23 na unachotaka ni gauni la harusi likae vizuri, dawa hizi si zako. Nalisema hili bila kuzunguka kwa sababu ndiko madhara yanakokosa fidia: unayapata yote, na hakuna ugonjwa unaoukinga. Mwone fundi cherehani.

Hatua inayofuata wengi huiruka, nayo ndiyo ya maana kuliko zote za mwanzo. Mwaga mezani dawa zote unazotumia uzitazame, kwa sababu baadhi ya dawa zenyewe ndizo zinazonenepesha. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huwaongezea baadhi ya wanawake uzito. Prednisoloni ya pumu au ya viungo, insulini, glibenklamidi, olanzapini ya magonjwa ya akili, sodiamu valproeti ya kifafa, na hata dolutegravir iliyomo kwenye dawa za kufubaza VVU za siku hizi, zote zimehusishwa na kuongezeka uzito. Usiache hata moja kwa uamuzi wako. Kuacha dawa ya kifafa au ya VVU ni hatari kubwa kuliko kilo kumi. Lakini ziandike kwenye karatasi umpelekee daktari, kwa sababu mara nyingine kubadilisha dawa moja kunatosha, na hakuna haja ya kuongeza ya pili. Na kama uliwahi kununua vidonge vya kunenepa au kujaza makalio, ambavyo mara nyingi huwa ni deksamethasoni au siproheptadini, mwambie na hilo. Deksamethasoni iliyotumika muda mrefu hupandisha sukari na presha, na kuiacha ghafla kunaweza kukuangusha.

Kwenda kwa daktari, na la kusema ukifika

Kutoka Akheri una bahati ya kuwa karibu na huduma. Hospitali ya Wilaya ya Meru iko Tengeru. Ukipanda mlimani ipo Nkoaranga, hospitali ya KKKT. Mjini Arusha kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru na ile ya Kilutheri, ALMC, na shauri likiwa zito zaidi unaweza kupewa rufaa kwenda KCMC, Moshi. Ulizia siku ya kliniki ya kisukari na presha. Wahudumu wa kliniki hiyo ndio wenye mazoea na dawa hizi kuliko mwingine yeyote.

Daktari makini hatakuandikia chochote kabla ya vipimo. Sukari ya asubuhi kabla ya kula: kuanzia 7.0 ni kisukari, na kati ya 6.1 na 6.9 uko njiani kukielekea. Presha. Kreatinini, ili ajue figo zako zinafanya kazi kiasi gani. Kipimo cha ini. Kama wewe ni mwanamke ambaye bado unaona siku zako, kipimo cha mimba. Hospitali kubwa zitakupima pia HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari yako kwa miezi mitatu hivi iliyopita. Usione unapotezewa fedha. Ni kawaida mtu kwenda kutafuta dawa ya kupungua akagunduliwa ana kisukari, na hapo habari inabadilika: dawa ileile sasa inatumika kwa kazi yake halisi, na masharti ya bima nayo huenda yakawa tofauti. Uliza bima yako inalipia nini kabla hujafika dirisha la dawa.

Mweleze mambo ambayo watu huyaficha: unakunywa pombe kiasi gani, unatumia dawa gani za kienyeji, umewahi kupata mawe ya figo au ya nyongo, kuna ndugu aliyewahi kuugua saratani ya tezi la shingo, unatarajia mtoto mwaka huu. Na yeye muulize maswali manne. Kwa nini dawa hii kwangu? Natarajia kupungua kilo ngapi? Nirudi lini? Tutaacha lini kama haifanyi kazi? Asiyekuwa na jibu la swali la mwisho, mwombe afikiri tena, au kamwone mwingine.

Metformini: msaada wa kweli, lakini mdogo

Hii ndiyo unayoweza kuipata kwa urahisi, kwa bei nafuu, na ambayo dunia ina uzoefu nayo mrefu. Asili yake ni utafiti juu ya mmea uliotumika zamani kama dawa ya kienyeji huko Ulaya, na daktari Mfaransa Jean Sterne alichapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1957. Inalizuia ini kumwaga sukari nyingi kwenye damu, inausaidia mwili kuitumia insulini yake vizuri, na kwa watu wengi inapunguza kidogo hamu ya kula.

Sasa sikiliza namba. Utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliochapishwa mwaka 2002, uliwafuatilia watu 3,234 wenye uzito uliozidi na sukari iliyoanza kupanda. Waliopewa metformini walipungua kwa wastani kilo 2.1. Waliofundishwa kula vizuri na kutembea dakika 150 kwa wiki walipungua kilo 5.6. Kwa upande wa kuzuia kisukari, metformini ilipunguza hatari kwa asilimia 31, na mwendo na chakula kwa asilimia 58. Ukiambiwa na mtu dirishani kwamba vidonge hivi vitakutoa kilo 15, huyo anauza.

Kwa hiyo nani anafaidika? Kwa maoni yangu ni yule ambaye ana sababu nyingine juu ya uzito: sukari imeanza kupanda, aliwahi kupata kisukari cha mimba, ana tatizo la homoni na vifuko vya mayai linaloambatana na hedhi kuruka na ndevu kuota, au anatumia olanzapini na mwili unapanda kila mwezi. Kwa watu hawa zile kilo mbili au tatu zinakuja pamoja na kinga, na hapo inalipa. Kwa aliye mnene lakini sukari yake iko sawa, ningeanza na chakula na mwendo kwa miezi mitatu kabla ya kugusa kidonge.

Kawaida daktari huanza na miligramu 500 mara moja kwa siku pamoja na chakula cha jioni, kisha hupandisha polepole kila baada ya wiki moja au mbili. Upolepole huo una sababu: tumbo. Kuharisha, gesi, kichefuchefu na ladha ya chuma mdomoni ni malalamiko ya kawaida wiki za mwanzo. Meza katikati ya mlo au mara tu baada yake. Ukimeza tumbo likiwa tupu utajuta. Tumbo likigoma, mwombe daktari ile ya kuyeyuka taratibu, ambayo humezwa bila kuivunja wala kuitafuna. Usishtuke ukiona kitu kama ganda la kidonge chooni. Dawa yenyewe imeshaingia mwilini.

Mambo matatu yasikutoke kichwani. Ukiugua ukatapika au kuharisha sana, simamisha metformini na uwasiliane na kliniki, kwa sababu mwili ukikauka maji na figo zikielemewa, tindikali hujikusanya kwenye damu; hutokea kwa nadra, lakini ikitokea inaua. Pombe nyingi inaleta hatari hiyohiyo, iwe bia au mbege. Na ukiitumia kwa miaka, vitamini B12 inaweza kushuka, ukaanza kuhisi ganzi miguuni na uchovu, omba ipimwe. Mwenye figo zilizochoka sana hapewi kabisa. Ukienda kupigwa picha ya CT yenye sindano ya rangi, wataje wahudumu kwamba unaitumia.

Akina mama, kuna jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Kama hedhi ilikuwa imepotea kwa sababu ya homoni, metformini inaweza kufanya mayai yapevuke tena. Mtu aliyejua hashiki mimba akashika. Panga uzazi mapema, au jiandae.

Usiazime dawa ya bibi

Hapa nataka ukae nami kidogo, maana ndipo ninapoogopa zaidi. Kwenye nyumba nyingi za huku yupo mzee anayetumia dawa za kisukari, na mara nyingi anapewa aina mbili pamoja: metformini na glibenklamidi. Zote zinaitwa vidonge vya sukari. Zinakaa kwenye bahasha zinazofanana, pengine mwandiko umeshafutika. Binti anasikia kwamba vidonge vya sukari vinapunguza mwili, anafungua kabati la bibi anachukua.

Glibenklamidi si metformini. Inalisukuma kongosho kutoa insulini hata kama hujala, na kwa mtu asiye na kisukari inaweza kuangusha sukari hadi akapoteza fahamu, akapata degedege, akafa. Tena haishushi uzito, inauongeza. Kidonge chake kwa kawaida ni kidogo, cha miligramu 5. Cha metformini ni kikubwa, cha 500 au 850. Lakini usitegemee ukubwa, tegemea jina lililoandikwa kwenye boksi. Ukimkuta mtu anatoka jasho la baridi, anatetemeka, anaongea ovyo au amelegea baada ya kumeza dawa ya sukari, kama anaweza kumeza mpe maji ya sukari au soda ya kawaida mara moja, kisha mkimbize hospitali hata kama amepata nafuu, kwa sababu sukari inaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa. Aliyezimia usimtie kitu mdomoni. Mlaze kwa ubavu na tafuta gari.

Na hata kama ulichochukua ni metformini yenyewe, umempunguzia bibi dozi yake. Dawa hizo ni za uhai wake.

Sindano za wiki

Zinazozungumzwa sana sasa ni sindano. Ozempic, ambayo dawa yake ni semaglutidi, iliidhinishwa Marekani Desemba 2017 kwa kisukari. Wegovy ni semaglutidi ileile kwa dozi ya juu zaidi, iliyoidhinishwa Juni 2021 kwa ajili ya uzito. Mounjaro ya kampuni ya Eli Lilly ni ya ukoo wa karibu. Zinaiga homoni ya utumbo inayouambia ubongo kwamba umeshiba, na zinachelewesha chakula kutoka tumboni. Nguvu yake hailingani na ya metformini: kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2021, watu waliodungwa semaglutidi kila wiki kwa wiki 68 walipungua kwa wastani karibu asilimia 15 ya uzito wao, na waliopewa sindano isiyo na dawa asilimia 2.4. Kwa yule mama wa kilo 82, asilimia 15 ni kama kilo 12.

Lakini zilifuatwa kwa pupa hadi zikaadimika, na wagonjwa wa kisukari wa nchi nyingi wakazikosa. Palipo na uhaba wakaingia matapeli. Oktoba 2023 huko Austria watu walilazwa kwa sukari kushuka baada ya kutumia Ozempic iliyoshukiwa kuwa bandia. Dalili zilionyesha ndani kulikuwa na insulini. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari kwa dunia nzima juu ya Ozempic bandia zilizokutwa Brazili, Uingereza na Marekani. Kama zimepenya huko kwenye ukaguzi mkali, ile inayoletwa na bodaboda kutoka kwa mtu uliyempata mtandaoni uichukulieje?

Fuata masharti haya bila kulegeza hata moja. Nunua kwa cheti cha daktari, kwenye famasi yenye mfamasia. Duka la dawa muhimu la mtaani halina ruhusa ya kuuza kitu hiki. Mwombe mfamasia akuonyeshe kwamba dawa hiyo imesajiliwa TMDA, na kama una shaka uliza ofisi yao ya kanda iliyoko Arusha. Soma namba ya toleo kwenye boksi na kwenye kalamu yenyewe, zisipolingana, rudisha. Kalamu halisi ya Ozempic haichomozi nje unapozungusha kuweka dozi, ikichomoza, usijidunge. Chupa za unga wa kuchanganya mwenyewe na maji ziache kabisa.

Halafu kuna baridi. Kabla haijafunguliwa, kalamu inakaa kwenye friji kati ya nyuzijoto 2 na 8, na isigande kamwe, iliyoganda inatupwa. Uliza imesafirije kutoka Dar es Salaam au Nairobi. Nyumbani umeme ukikatika, usiiweke karibu na barafu. Ya Ozempic ikishafunguliwa inaweza kukaa nje ya friji chini ya nyuzijoto 30 kwa wiki 6 hivi, na hali ya hewa ya Akheri inaruhusu, mradi isiwekwe dirishani penye jua wala juu ya jiko.

Dozi ya semaglutidi inaanza chini, miligramu 0.25 kwa wiki kwa mwezi mzima, kisha inapanda. Kichefuchefu, kutapika na choo kigumu ni vya kawaida. Maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni si ya kawaida: yanaweza kuwa kongosho limevimba, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mjamzito haruhusiwi, na anayepanga mimba huacha semaglutidi angalau miezi miwili kabla. Mwenye saratani ya tezi ya aina ya medula, au ndugu wa damu aliyeipata, asiiguse. Ukienda kufanyiwa upasuaji, mwambie mtaalamu wa usingizi, kwa sababu chakula hukaa tumboni muda mrefu kuliko kawaida.

Na kuna ukweli ambao wauzaji hawausemi: ukiacha, uzito unarudi. Washiriki wa utafiti ule walipofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha, walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya walichopunguza. Ukianza, piga hesabu ya miaka. Usipige hesabu ya mwezi wa kwanza peke yake. Kama fedha uliyo nayo ni ya miezi mitatu, mimi ningeiweka kwenye mambo mengine.

Hizi kataa

Furosemidi, maarufu kama Lasix, itakutoa maji. Mizani itashuka kilo mbili kesho, mafuta yatabaki pale pale, na potasiamu ikishuka moyo unaweza kupoteza mapigo. Dawa za kukufanya uharishe ni vivyo hivyo. Thairoksini ni ya wenye upungufu wa homoni ya tezi. Kwa asiyeihitaji inakimbiza moyo na kula mifupa. Chai na kahawa za kupunguza tumbo zinazouzwa kama mitishamba zimekutwa mara nyingi katika nchi mbalimbali zikiwa zimechanganywa sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kusababisha shambulio la moyo na kiharusi. Chai inayokukosesha usingizi na kuukimbiza moyo siku ya kwanza, imwage.

Chakula cha nyumbani

Kwenye tafiti nilizozitaja, metformini na semaglutidi hazikupimwa peke yake. Watafiti walizipima pamoja na ushauri wa chakula na mwendo. Kwa bahati nzuri chakula cha huku kwetu hakihitaji kutupwa. Loshoro ina maziwa ya mgando yanayoshibisha, kiburu kina maharage, mboga za majani ziko shambani. Kinachotunenepesha ni kilichoongezwa juu yake: mafuta yanayomiminwa bila kijiko, vijiko vitatu vya sukari kwenye kila kikombe cha chai, soda, chapati za asubuhi na maandazi ya saa nne. Anza na sukari ya chai, kwa sababu unaiona kwa macho na unaweza kuihesabu. Ndizi na ugali vichukue robo ya sahani, maharage, samaki, mayai au nyama robo nyingine, na mboga nusu. Parachichi tunalo tele na ni chakula kizuri, ila lina mafuta mengi. Nusu inatosha kwa mlo.

Anayetumia sindano aanze na maharage, yai au samaki kabla ya wanga, maana atashiba mapema, na asipokula protini atapoteza misuli pamoja na mafuta. Kuhusu mwendo, ukishuka barabara kuu ya Arusha–Moshi usirudi na bodaboda kila siku. Kupanda kwa miguu kutoka Tengeru hadi Akheri ni mazoezi tosha.

Watasema unaumwa

Jiandae kwa hili kabla halijaja. Huku kwetu mtu akipungua, majirani wanauliza kwa macho kabla ya mdomo, na wengine watahitimisha kwamba una VVU au kifua kikuu. Wapo walioacha mpango mzuri kwa sababu ya maneno ya kikundi cha vikoba. Chagua watu wawili, mwenzi na ndugu mmoja, waambie mapema unachofanya, unatumia dawa gani na nani amekuandikia. Watakutetea, na siku ukizidiwa watajua la kumwambia daktari.

Baada ya miezi mitatu ya dozi kamili, pima tena. Kwa sindano, kama hujapungua asilimia 5, ambayo kwa yule mama wa kilo 82 ni kilo 4 hivi, kaeni na daktari muamue kama kuna sababu ya kuendelea. Kwa metformini pima na sukari pia, kwa sababu mizani inaweza kusimama huku sukari ikishuka, na hiyo ni faida. Ukiona madhara yoyote, yaripoti hospitali ili yafike TMDA. Wafaransa walichelewa kuijua Mediator kwa sababu taarifa kama hizo zilipuuzwa.

Na kama tayari umeanza kumeza au kujidunga bila daktari kujua, hujachelewa. Chukua boksi lenyewe, hata kama limebaki tupu, nenda nalo Hospitali ya Wilaya pale Tengeru, useme umeanza lini na unatumia kiasi gani, na uombe wakupime figo na sukari siku hiyohiyo.